Palm Springs kwa macho ya mtandika vitanda wa Moshi

Mimi kazi yangu ni vyumba. Mwaka huu natimiza miaka 19 kwenye loji za Moshi, kuanzia ile ya kwanza kule Majengo nilikokuwa nafua shuka kwa mkono, hadi hii ya sasa Shanty Town yenye vyumba 22 na mashine mbili za kufulia, moja mbovu. Kwa hiyo mkisoma haya mjue anayeandika hakwenda kama wanavyokwenda watalii wengine. Nikiingia chumba cha hoteli, kabla sijaangalia dirishani nimeshainua kona ya godoro.

Mtoto wa kaka yangu anaendesha malori California, anakaa San Bernardino na mke wake. Walinialika mwezi wa tatu. Habari za viza ni hadithi ya siku nyingine. Walipoona wiki nzima imekatika napika na kufagia nyumba yao, mkwe akasema, "Shangazi, wewe kupumzika hujui. Tunakupeleka Palm Springs." Nikauliza kuna nini huko. Mpwa wangu akafikiri kidogo, akajibu, "Hakuna kitu, shangazi. Watu wanaenda kukaa."

Nilicheka, lakini jibu lilinikaa. Wageni wetu Moshi hawaji kukaa. Wanafika usiku kutoka uwanja wa ndege wa KIA, wanalala na viatu vya mlimani mlangoni, saa mbili asubuhi gari la geti limeshapiga honi. Baada ya siku sita wanarudi wana vumbi hadi kwenye kope, wanaoga nusu saa, taulo zangu zinageuka rangi ya udongo, kesho yake wanaondoka. Mji wenyewe hawaujui. Nikasema basi, twende nikaone mji unaouza kukaa.

Kutoka San Bernardino ni mwendo kama wa Moshi na Arusha, bila tuta hata moja barabarani. Ukikaribia, unapita kwenye upenyo kati ya milima miwili, San Gorgonio upande huu na San Jacinto upande ule, na hapo kuna mapangaboi ya kufua umeme wa upepo, mamia kwa mamia, meupe, kila moja linazunguka kwa haraka yake. Upepo unaisukuma gari mpaka mpwa akashika usukani kwa mikono miwili. Halafu mnakata kona, upepo unakatika ghafla, na mji unauona umejilaza chini ya mlima. Nilitegemea jangwa la mchanga, lile la ngamia kwenye kalenda. Kumbe ni kokoto, miamba na vichaka vikavu. Mngeniambia hapa ni Same tunaelekea Mkomazi ningekubali.

Cha kwanza kukupokea ni kituo cha mafuta cha zamani, cha mwaka 1965, paa lake limenyanyuka kama bawa la ndege linalotaka kuruka. Kilichorwa na Albert Frey na mwenzake Robson Chambers, na siku hizi ni ofisi ya kupokea wageni. Sisi kituo kama hicho tungeshakivunja tukajenga fremu za maduka. Mji mzima ndiyo ulivyo: nyumba za chini, paa bapa, ukuta mzima kioo, nyingi za miaka ya arobaini hadi sitini, na watu wanatoka mbali kuja kuzitazama tu. Kuna moja aliyoijenga Richard Neutra mwaka 1946 kwa tajiri mmoja mwenye duka kubwa, Kaufmann. Tulisimama nje ya ua na watu wengine kama kumi, kimya, kama tumekwenda msibani. Kuna na nyumba ya Frank Sinatra ya 1947 yenye bwawa lenye umbo la piano. Mabasi yanapitisha watu kwenye mageti ya waigizaji waliokufa zamani. Hiyo sikuilipia.

Lakini kilichonichekesha hasa ni matofali. Mnayajua yale matofali ya simenti yenye matundu, ya maua maua, tunayoweka stoo na chooni ili hewa ipite? Palm Springs ndiyo fahari ya mji. Ukuta mzima wa hoteli umejengwa nayo, yamepakwa rangi nyeupe, jua likipita yanaanguka maua ya kivuli chini, na wasichana wanapanga foleni kupigwa picha. Nilimpigia jirani yangu kwa video nikamwonyesha. Akakaa kimya, halafu akasema, "Dada, si kama choo cha shule yetu?" Ni kama choo cha shule yetu kweli. Ila wao wamekigeuzia kwenye jua la jioni.

Sasa hoteli. Jina silitaji kwa sababu nina neno nao. Ni moteli ya zamani iliyofanyiwa ukarabati, ya chini, vyumba vimezunguka bwawa, mlango wako ukifungua unakanyaga nyasi. Bei tuliyoiona kwenye simu ilikuwa dola 240 kwa usiku, laki sita na ushee kwa pesa yetu. Tulipofika mapokezi ikaongezeka kodi, sawa, kodi naielewa. Kisha ikaongezeka dola 42 kila usiku, inaitwa ada ya mapumziko. Nikamwomba mpwa aulize ni ya nini. Binti akajibu kwa tabasamu: ni ya bwawa, intaneti na taulo za bwawani. Jamani! Taulo! Ningekwenda kumwambia bosi wangu tuwatoze wageni taulo angeniuliza kama nimelala vizuri. Na chai ya asubuhi haimo. Kuna kahawa kwenye birika kubwa mpaka saa tatu, ukichelewa umekosa. Kuingia chumbani ni saa kumi jioni, kutoka saa tano asubuhi. Pigeni hesabu wenyewe ni saa ngapi umelipia.

Haya, chumba chenyewe. Godoro zuri sana, gumu katikati na laini juu, limefunikwa hadi chini bila mkunjo. Mito minne, miwili ya kulalia na miwili ya kutazama. Taulo za kuogea nzito, ukiinyanyua moja unaisikia mkononi kama kilo ya nyama, na zimekaushwa kwa mashine, hazina ule ukavu wa kamba ya jua unaokwaruza mgeni shingoni. Bafuni hakuna beseni wala ndoo, nikaoga kwa manyunyu kama mtoto wa bweni. Vumbi: nilipitisha kidole juu ya fremu ya mlango, safi. Nikapitisha nyuma ya televisheni. Hapo niliwakamata.

Kitu ambacho sikukizoea ni kwamba chumba hakifanywi kila siku, mpaka uombe. Asubuhi ya pili nikaamka saa kumi na mbili kama kawaida yangu, nikatandika. Saa nne mama mmoja akagonga, mhudumu wa vyumba, mtu wa makamo kama mimi, Mmeksiko, akaingia na toroli lake, akaangalia kitanda, akaniangalia mimi, akaangalia tena kitanda. Akainama akavuta kona ya shuka. Ile kona mimi naikunja mara mbili, naibana chini ya godoro kwa nyuzi arobaini na tano, iwe kali kama bahasha. Akaipapasa kwa dole gumba. Kisha akaifungua! Nikadhani nimemkosea. Kumbe anataka kunionyesha yake: anakunja mara moja tu, anavuta kwa goti, sekunde nne imekwisha. Tukacheka. Kwa vidole akanionyesha vyumba anavyofanya kwa siku, kumi na vinne. Mimi nikamwonyesha vinane, akapiga ishara ya msalaba.

Kiingereza chake na changu vilikuwa ndugu, wote wagonjwa. Lakini alipofungua bomba la bafuni kusuuza kitambaa akashtuka, akatikisa vidole, akasema, "Agua caliente." Nikamwambia sisi tunasema maji moto. Akarudia, "Maji moto," vizuri kabisa, bila lafudhi, akaonyesha nje kwa kidole, kuelekea katikati ya mji: "Agua caliente. Agua caliente." Nikawa sielewi anaonyesha nini.

Mkwe ndiye aliyenielewesha. Mji ule wote ulianzia kwenye chemchemi moja ya maji moto. Wenye ardhi ni Wacahuilla, wenyeji wa asili wa pale, na kundi lao la pale jina lao rasmi ni Agua Caliente, yaani Maji Moto, Wahispania ndio waliowaita hivyo. Wao wenyewe chemchemi wanaiita Séc-he, kwa maana ya mlio wa maji yanayochemka.

Nikamwambia arudie. Yanayochemka?

Wasomaji wa Moshi na Arusha nadhani mmeshafika. Sisi tuna Chemka. Ukitoka Moshi unafika Boma Ng'ombe, unakata kushoto, unakula vumbi mpaka unakata tamaa, na katikati ya ukame ule kinatokea kichaka cha mikuyu na jamii ya mitende na maji ya buluu unayoona mpaka mchanga wa chini. Wengine wanaita Kikuletwa, wengine Maji Moto. Ndiyo majina yaleyale, nchi mbili, watu ambao hawajawahi kusalimiana. Tofauti ni kwamba Chemka yetu haichemki, ni vuguvugu tu, inabubujika toka chini ndiyo ikaitwa hivyo. Yao ni moto kweli, nyuzi 40 hivi.

Kwa hiyo siku ya pili nililipiwa kuoga maji hayo, kwenye jumba la kisasa ambalo Wacahuilla wenyewe wamelijenga juu ya chemchemi na kulifungua mwaka 2023. Bei nimekatazwa na mkwe kuitaja, kwa kuwa anajua nitaigeuza kuwa mabati. Unapewa joho, ndala, na chumba chako peke yako chenye beseni kubwa la duara, unakaa robo saa. Maji yana harufu nyepesi ya madini, laini, yanateleza kwenye ngozi kama yametiwa sabuni. Robo saa hiyo nilikaa macho. Hakuna mtu anayeruka kwa kamba kutoka kwenye mti, hakuna samaki wadogo wanaokutekenya nyayo, hakuna kijana anayekodisha tairi, hakuna harufu ya nyama choma ng'ambo. Kimya, taa hafifu, na feni mahali nisipopaona. Nikamkumbuka yule mama wa toroli na vyumba vyake kumi na vinne. Nilipotoka miguu ilikuwa kama si yangu, na hilo ni jambo zuri, naliandika kama sifa.

Kando yake kuna makumbusho yao, nayo ni ya lazima, msiruke. Hapo ndipo nilipoelewa ardhi ya mji ule. Karne ya 19 serikali iliikata bonde kama ubao wa drafti, miraba ya maili moja moja, mmoja wa kampuni ya reli, unaofuata wa wenyeji, hivyo hivyo. Hadi leo watu wengi wana nyumba au hoteli zao juu ya ardhi ambayo wanailipia pango kwa Wacahuilla. Mchaga ukimwambia habari ya kihamba cha mtu, yaani shamba la ukoo, kukatwa miraba atakusikiliza kwa makini, nami nilisikiliza.

Mraba namba 14 ndio wenye chemchemi. Mkwe alinisomea kwenye simu tukiwa tumekaa nje. Miaka ya hamsini na sitini waliokuwa wanakaa kwenye mraba ule, wengi watu weusi na Wameksiko waliopanga hapo kwa kuwa kwingine walikuwa hawapangishwi, ndio waliokuwa wanajenga hoteli na kusafisha vyumba. Waliondolewa, nyumba zao zikabomolewa na kuchomwa moto, nyingine na zimamoto wa mji wenyewe. Mji uliomba radhi mwaka 2021, na mwaka 2024 baraza likakubali kulipa dola milioni 5.9 kwa waliokuwa wakazi. Wasafisha vyumba! Nilimaliza kinywaji changu bila kusema kitu. Jioni hiyo niliacha tipu nono kitandani, mpwa akaniuliza, nikamwambia hesabu hiyo inanihusu mimi.

Nije kwenye kebo, lile gari la kuning'inia kwenye waya linalopandisha watu mlimani, maana mzee wangu nyumbani alisubiri habari hiyo kuliko zote. Yeye alibeba mizigo Kilimanjaro kwa njia ya Marangu mpaka magoti yakagoma. Mnakumbuka mwaka 2019 lilipotangazwa wazo la kuweka kebo Kilimanjaro, wapagazi walivyokuja juu. Alikuwa mmojawapo wa waliokuwa hawalali. Sasa Palm Springs wanayo tangu mwaka 1963. Kituo cha chini kipo mita 806, kimo kinachokaribiana na mji wetu wa Moshi. Kituo cha juu kipo mita 2,596. Kwa anayejua njia ya Marangu, hapo umeshalipita geti na Mandara, kituo cha kwanza cha kulala, inakaribia. Dakika kumi. Tiketi ni zaidi ya dola 30, na kile chumba cha kebo ni cha duara, sakafu yake inajizungusha polepole ili kila mtu apate zamu ya kuona korongo bila kusukumana. Kikipita kwenye nguzo kinayumba, watu wote wanasema "uuuh" kwa pamoja, nami nikamshika mzungu nisiyemjua mkono.

Chini tuliacha nyuzi 26, tukiwa na viatu vya wazi. Juu kulikuwa na theluji kwenye vivuli vya misonobari. Mwenzenu nimezaliwa chini ya theluji na sijawahi kuigusa, ndiyo mara ya kwanza, nina miaka 54, na nimeifikia nikiwa na pochi begani na ndala. Nikampigia mzee. Nikamwambia ni dakika kumi. Akanyamaza. Akauliza, "Na mizigo nani anabeba?" Nikamwambia hakuna mizigo. Akasema, "Basi hamkupanda mlima, mmepanda lifti." Sina jibu la kumpa. Kilele cha San Jacinto chenyewe ni mita 3,302, na huko lazima utembee kwa miguu yako. Nilichokiona ni kwamba wengi hawaendi, wanakunywa kahawa kituoni, wanapiga picha, wanashuka. Hakuna aliyekuwa anahema. Palikuwa pazuri na palinikosesha raha kidogo, vyote viwili.

Pahali nilipopapenda kuliko pote ni korongo la mitende, kusini ya mji, ambalo nalo ni la Wacahuilla, unalipa getini kwao. Juu ni miamba mitupu inayokuunguza macho, unashuka ngazi za mawe, na chini kuna kijito na msitu wa mitende ya kienyeji, minene kama nguzo za kanisa, majani yake mapana yaliyochanuka kama mapepeo ya kupulizia mkaa. Ya zamani hayaanguki. Yanakauka na kuning'inia yakishuka shina zima, mti umevaa sketi ya makuti hadi chini. Ndani ya sketi ndege wanaongea. Hewa inabadilika ukiingia tu, kama umefungua friji. Tulikaa hapo saa mbili. Mpwa alilala kwenye jiwe, dereva wa lori, mdomo wazi.

Chakula: msile hotelini. Kuna vibanda na vimgahawa vya Wameksiko, chapati zao ndogo za mahindi zina nyama iliyokatwakatwa, kitunguu na ndimu, na maharage yaliyopondwa kama mtu ametaka kupika kiburu akasahau ndizi. Nilishiba kwa dola 12. Alhamisi usiku wanafunga barabara kuu, Palm Canyon Drive, panakuwa gulio, vyakula, michoro, sabuni za maua, mtu anapiga gita. Ni gulio letu la Kwa Sadala bila mbuzi. Kuna pia sanamu la Marilyn Monroe, mita kama nane kwenda juu, gauni limepeperuka, na watu wazima wanapiga picha chini yake. Nilipiga ya kutoka mbele, kwa mbali, inatosha.

Tende ndizo mtanikumbuka nazo. Bonde lile ndilo kapu la tende la Marekani. Huko Indio, mwendo wa nusu saa na ushee, kuna shamba linauza tangu 1924, na wanasaga tende na maziwa ya barafu, sheki nzito kama uji wa lishe uliosahauliwa kwenye friza. Nusu inatosha mtu mzima. Nilinunua kilo mbili za tende aina ya Medjool za kumletea jirani yangu, Bibi wa Pasua, ambaye kila Ramadhani ananikaribisha futari. Aliigeuza moja mkononi, akaibonyeza, akaikata, akatafuta mdudu kwanza. Akala kimya. Akasema, "Nzuri. Lakini imekaa kama imeoga." Sijui maana yake hadi leo, ila kilo zote mbili ziliisha kabla ya mwezi kuandama.

Na mitumba. Mji umejaa maduka ya vitu vya zamani, na nikaona kiti cha mbao chenye miguu ya chuma na mfuniko wa plastiki ya kijani, kile kile cha ofisi ya kata, dola 1,800. Dola! Nikakikalia kwa ruhusa. Kinawiana vizuri kabisa na cha ofisi ya kata, hata mlio.

Mwende lini? Kati ya mwezi wa kumi na moja na wa nne. Msije mkadanganywa na bei za mwezi wa saba, hizo zimeshuka kwa sababu. Julai 2024 joto lilifika nyuzi 51. Mpwa alipita hapo na lori kiangazi, anasema usukani ulimchubua. Bebeni kitenge cha usiku, jua likishazama nyuma ya mlima baridi inaingia mara moja. Na ulizeni ada ya mapumziko kabla hamjalipa, siyo baada. Ukiniuliza kama ina thamani ya pesa yake, kwa mtu anayelipa mwenyewe kutoka mshahara wa Moshi nasema hapana, siku moja ya kwenda na kurudi inatosha, korongo na makumbusho, tende mkononi. Kwa aliyelipiwa na mpwa, nenda haraka kabla hajabadili mawazo.

Lakini kuna kitu kimoja nilichotoka nacho ambacho hakikuwa kwenye bei. Pale hotelini palikuwa na kijana wa bwawani. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu, mimi niko mlangoni na kahawa, namwona anapanga viti vya kulalia, vyote vinaangalia mlima, maana asubuhi jua linaupiga usoni na unakuwa rangi ya embe. Saa sita anapita tena, anavivuta chini ya turubai. Saa tisa mlima unaanza kutupa kivuli chake juu ya mji, naye anavigeuza mgongo, viangalie mashariki, kule bonde bado lina mwanga. Mara tatu kwa siku, viti ishirini na kitu, hakuna aliyemwomba. Nilimhesabu siku zote. Mpwa akamuuliza kwa niaba yangu, akajibu kwamba mgeni akishainuka kutafuta kivuli, ataamua na kwenda zake.

Kwetu loji nzima inaangalia maegesho. Mwenye nyumba alijenga hivyo ili magari yaonekane. Kibo inaonekana sehemu moja tu, nyuma, karibu na kamba za kufulia, chini ya mwembe, na inaonekana asubuhi kabla mawingu hayajaifunika, halafu tena jioni ikijisikia. Mlima wao hauna aibu, upo hapo mchana kutwa. Wetu unaukamata.

Wiki niliyorudi nilitoa viti viwili vya mkeka vilivyokuwa stoo, nikavipangusa, nikavipeleka chini ya mwembe, nikahamisha kamba ya shuka upande wa jikoni. Siku ya kwanza hakuna aliyekwenda. Siku ya pili mama wa Kijerumani aliyeshuka mlimani jana yake, vidole vya miguu vina plasta, alikaa pale na chai kuanzia saa kumi na mbili mpaka ikapoa, nikambadilishia, ikapoa tena. Bosi akaniuliza nani kahamisha kamba. Nikamwambia ni mimi. Akaguna, akasema shuka sasa zinanuka vitunguu, na ni kweli zinanuka, hilo bado sijalipatia dawa.

Viti alivikubali. Ila leo nimekuta kimebaki kimoja. Cha pili mlinzi ameshakipeleka getini.